Jikoni na Shangazi: Vitoweo vinne, supu moja

Toleo lililopita niligusia juujuu tu kwamba miaka yangu ya kupakia makontena niliishi Guangzhou, kusini mwa China, na kwamba mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenifundisha kupika chakula cha kwao. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa meza ya mhariri, na wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua chache na leo safu yote ni ya China. Wale wa keki za ndizi mnisubiri.

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu amerudi kutoka masomoni Wuhan, na anawasimulia wanangu habari za China mpaka hawalali. Sasa wameniomba Jumapili moja tupike chakula cha jioni kama familia ya huko inavyokula. Nina jiko la gesi la plati mbili, karai la maandazi na hela ya kawaida. Tuko sita. Nianzie wapi? Naogopa kuishia kununua machupa ya sosi nisiyoyajua.
*Mama Watatu, Tabata*

Marahaba mwanangu. Hofu yako ya machupa ni ya akili. Kwa mlo huu unahitaji chupa tatu tu: sosi ya soya nyepesi, siki, na mafuta ya ufuta uliokaangwa. Hayo ya ufuta ni ya kudondoshea mwishoni, siyo ya kukaangia. (Ufuta wenyewe wa Lindi na Mtwara unasafirishwa sana kwenda China, halafu sisi tunauziwa kichupa kwa bei ya manukato. Tuyaache hayo.)

Watu wakisikia chakula cha Kichina wanafikiria hotelini, au ule wali wa njano wenye njegere unaopakuliwa kwenye sherehe. Nyumbani hawali hivyo. Nyumbani kuna mpango unaojulikana nchi nzima, wa vitoweo vinne na supu moja, na wali mweupe kwa kila mtu. Katika hivyo vinne hakuna kinachorudia kingine. Kimoja kikiwa samaki, cha pili kiwe nyama iliyokatwa nyembamba, cha tatu mayai, cha nne majani. Kimoja cha mvuke, vingine vya karai. Vyote vinakaa katikati ya meza na kila mtu anachota kidogo kidogo kuja kwenye bakuli lake la wali. Ukipika kitoweo kimoja kikubwa cha ajabu ukajaza sahani za watu jikoni, hata kama umefuata maelekezo neno kwa neno, hujapika chakula cha jioni cha familia ya Kichina. Hapo ndipo pa kuanzia.

Supu ianze mapema, saa mbili na zaidi kabla ya kula. Watu wa Guangdong, mkoa ulipo mji wa Guangzhou, wana supu ya miguu ya kuku na karanga ambayo ni kama waliitunga kwa ajili ya soko letu. Loweka karanga mbichi kikombe kimoja tangu asubuhi. Miguu ya kuku kumi na miwili ikate kucha, ichemshe dakika tatu, mwaga yale maji yenye povu, suuza. Rudisha sufuriani na karanga, vipande vinne vya tangawizi vilivyopondwa kwa ubapa wa kisu na maji lita mbili na nusu. Ikichemka, punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu. Chumvi mwisho kabisa. Usitie pilipili manga, usitie kitunguu, na tafadhali usitie vile vichemsho vya mchemraba. Kwao supu inanywewa kwanza, kabla ya wali. Ukienda kaskazini mwa China utaikuta inakuja mwishoni, kwa hiyo mdogo wako akikubishia msigombane.

Nyama: nusu kilo ya steki, iweke kwenye friza nusu saa ishikane, kisha ikate nyembamba kwa kukatisha nyuzi zake, siyo kuzifuata. Kosea hapo na hata ng'ombe mchanga atatafunika kama kamba. Changanya na vijiko viwili vya sosi ya soya, kijiko cha wanga wa mahindi (ule mweupe laini wa pakiti, siyo sembe), na kijiko cha mafuta mwisho ili vipande visigandane. Karai lipate moto mpaka lianze kutoa moshi mwepesi. Kaanga nyama kwa mafungu mawili, kila fungu dakika moja na nusu, toa. Kisha tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho mbili zilizokatwa vipande. Rudisha nyama, geuza mara mbili tatu, epua. Ukiweka nyama yote mara moja itatoa maji na utakuwa unachemsha.

Mayai na nyanya ndiyo chakula ambacho mwanafunzi yeyote aliyepita China atakupigia magoti ukimpikia, maana kimo nyumbani na kwenye kantini za vyuo toka kaskazini mpaka kusini. Mayai matano, chumvi, piga. Mafuta mengi kidogo, yawe ya moto kweli, mimina mayai, yatavimba pembeni. Yasukume polepole na uyatoe yakiwa bado laini katikati. Nyanya nne zilizoiva ziingie na kijiko cha chai cha sukari na chumvi kidogo, ziponde mpaka zitoe mchuzi, rudisha mayai, nyunyiza vitunguu majani. Sukari usiiruke. Bizari ibaki kabatini.

Majani unayo tayari: chainizi. Mafungu mawili, tenganisha mashina na majani. Ponda kitunguu saumu punje tano, tupia kwenye mafuta ya moto, mashina kwanza, baada ya dakika moja majani, chumvi, geuza, epua yangali ya kijani inayong'aa. Sisi huwa tunayapika mpaka yanakata tamaa. Mara hii yaache yawe na mlio.

Samaki nimemjibu msomaji wa Mombasa hapo chini, msome.

Sasa plati zako mbili. Supu inakaa plati moja mpaka iive, uifunike pembeni na wali uchukue nafasi yake. Wakati huo kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa kwenye vibakuli. Hii kazi wape watoto, na ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Wali ukiiva, samaki apande pale. Plati ya pili ni ya karai: nyama, mayai, na chainizi wakati watu wameshanawa. Karai lako la maandazi linatosha, ila lisiwe na mafuta ya wiki iliyopita.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na kisu kimoja tu, kipana kama daftari. Kwa kisu hichohicho alivunja mifupa, akachana tangawizi nyembamba hadi ukiishika unaona mwanga, akaponda vitunguu saumu kwa ubapa, kisha akavizoa vyote kwa ule upana na kuvitupia karaini. Mimi mwenye visu saba vya seti nilikuwa nachelewa kuliko yeye.

Salamu Shangazi. Mimi huku Mombasa samaki si tatizo, lakini nilijaribu kumpika wa mvuke kwa Kichina akatoka na shombo, mbichi mgongoni na mkavu mkiani. Nilimtia chumvi na ndimu tangu asubuhi. Nimekosa wapi?
*Baba Swaleh, Kisauni*

Umekosa asubuhi. Chumvi na ndimu ni za samaki wa kukaanga na wa kupaka. Hawa wa mvuke Wakantoni, yaani watu wa Guangdong, hawataki aguswe na kitu zaidi ya tangawizi, kwa sababu wanachotafuta ni ladha ya samaki mwenyewe. Na wanachagua nani? Chewa, au tewa kama mnavyomwita huko kwenu. Kwa samaki huyo mnayemvuta nyuma ya nyumba, matajiri wa Guangzhou na Hong Kong hulipa fedha nyingi awekwe mezani mzima, na mkahawani wanamchagua akiwa anaogelea kwenye tangi.

Mchukue wa gramu 700 hivi, asizidi kilo. Sugua tumbo lake kwa ndani kwenye uti wa mgongo mpaka damu yote nyeusi iishe. Shombo nusu inakaa pale. Mkaushe kwa kitambaa. Mkate mkato mmoja mrefu kando ya mgongo, penye nyama nene. Weka vijiti viwili juu ya sahani ya bati na umlaze juu yake pamoja na vipande vya tangawizi, mvuke upite na chini. Hiyo ndiyo dawa ya mgongo mbichi. Maji yawe yanachemka kwa fujo kabla hajaingia. Kama huna chombo cha mvuke, kibakuli cha bati kilichofudikizwa ndani ya sufuria pana kinashika sahani vizuri. Funika, dakika tisa mpaka kumi, na usifunue kuchungulia.

Ukifunua utaona macho yamekuwa meupe na yamejitokeza kama shanga. Choma kijiti kwenye nyama nene nyuma ya kichwa: kikiingia bila kugoma, ameiva. Sasa yale maji yaliyojikusanya sahanini yamwage yote. Yote! Hiyo ndiyo nusu ya pili ya shombo, na watu huyaacha wakidhani ni mchuzi. Toa tangawizi ya zamani, tandaza mpya iliyochanwa nyembamba pamoja na vitunguu majani. Pasha vijiko vitatu vya mafuta mpaka yafuke moshi na uyamimine juu. Utasikia majani yanalia na harufu itawaita watu kutoka sebuleni. Mwisho, sosi ya soya vijiko vitatu iliyopashwa na maji kijiko kimoja na sukari kidogo. Imwage pembeni mwa samaki, siyo juu yake.

Ukishamaliza upande mmoja, usimgeuze. Inua uti wa mgongo, utoe, uendelee na nyama ya chini. Wavuvi wa pwani ya kusini mwa China hawapendi kabisa kuona samaki anapinduliwa mezani, kwamba na chombo kitapinduka baharini. Kichwa kielekee kwa mgeni au mzee.

Wa barafu asipikwe hivi. Mkaange, mmwagie sosi ileile, na mtakula vizuri tu.

Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, na kila mapishi ya Kichina tunayoyaona yana nguruwe au mvinyo. Je, tuache?
*Ukhti wa Mwembetanga, Unguja*

Wa alaykum salaam. Msiache, ila msibadilishe nguruwe kwa ng'ombe kwenye kila karatasi mliyoiona. Pikeni vyakula ambavyo tangu mwanzo vilipikwa na Waislamu. Wapo China mamilioni: Wahui, waliotapakaa karibu kila mkoa, Wauyghur wa Xinjiang, Wasalar wa Qinghai. Migahawa yao ya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou iko kwenye kila mji mkubwa. Guangzhou penyewe pana msikiti wa Huaisheng wenye mnara wa mita 36, mmoja wa misikiti ya zamani kabisa nchini humo. Siku ya Ijumaa nilikuwa nikisali kwenye msikiti mwingine, wa Xianxian, karibu na kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Nje ya lango kulikuwa na mishikaki, mikate ya tanuri na zabibu kavu. Wahui, Wapakistani, Wasomali, Watanzania tumebanana, kila mtu anapatana bei kwa vidole.

Kwa hiyo kwenye ule mpango wa vitoweo vinne, wewe weka nyama ya kondoo ya Xinjiang: vipande vyembamba, kitunguu maji, bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa nusu nusu, pilipili kavu, chumvi. Karai la moto, dakika tatu. Viungo vyote hivyo unavyo kabatini mwako leo.

Au ng'ombe wa kuchemshwa taratibu. Kilo moja ya nyama ya kifua, vipande vikubwa, ichemshe kwanza umwage maji. Yeyusha sukari vijiko viwili kwenye mafuta mpaka iwe rangi ya asali iliyokolea, tia nyama igeuke rangi, kisha tangawizi, mdalasini kijiti kimoja, mbili za zile nyota za kahawia zinazouzwa Darajani, sosi ya soya nyepesi vijiko vitatu na ile nzito nyeusi kijiko kimoja kwa ajili ya rangi. Maji ya moto yafunike. Saa moja na nusu mpaka mbili, moto mdogo. Karoti nusu saa ya mwisho.

Mvinyo wa Shaoxing, ule wanaoupikia, una kilevi cha kama asilimia 15, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni siki. Kazi yake ni kuondoa harufu ya damu, na kazi hiyo inafanywa na kuchemsha nyama na kumwaga maji, pamoja na tangawizi. Kingine soma lebo, hasa biskuti na keki za sikukuu, maana nyingine hutiwa mafuta ya nguruwe.

Shangazi, mke wangu kapika mlo wa Kichina wote, nampongeza. Lakini wali! Hauna chumvi, hauna mafuta, hauna nazi. Nikamuuliza kama tumefilisika.
*Mume wa watu, Mwanza*

Muombe radhi leo hii. Wali wa China haukusudiwi kuliwa peke yake. Chumvi iko kwenye vitoweo vyote vinne, na ukitia na kwenye wali utakunywa maji usiku kucha. Wa nazi ninaupenda kuliko wewe, lakini ukiuweka chini ya samaki wa mvuke hutamsikia samaki.

Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu. Baba ana wageni wa Kichina kazini na wametualika nyumbani kwao. Ni kweli nikicheua nitakuwa nimewasifia mapishi? Na vijiti sijui kuvishika.
*Binti wa Morogoro*

Marahaba. Usicheue, mama. Huo uzushi umezunguka dunia nzima, na usije ukauthibitisha wewe. Kuvuta tambi kwa sauti ni sawa.

Vijiti: cha chini kinalala kwenye pango la kidole gumba na hakitembei kamwe, cha juu ndicho kinachocheza, ukikishika kama kalamu. Fanya mazoezi na karanga zilizochemshwa. Ukishindwa omba kijiko, hakuna atakayekucheka. Ila usivisimike wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo wanavyosimika udi mbele ya picha za marehemu, na usigonge bakuli kwa kijiti. Bakuli la wali linainuliwa mkononi mpaka karibu na mdomo. Najua kwenu ungefinywa, lakini kule anayeinamia bakuli lililo mezani ndiye anayeonekana hana malezi.

Subiri mkubwa wao aanze. Kama kuna vijiti vya ziada kwenye kila sahani, hivyo ni vya kuchotea watu wote, usivitie mdomoni. Mwenyeji atakuwekea vipande kwenye bakuli lako bila kukuuliza, tena na tena. Ndiyo mapenzi yenyewe. Ukishiba kweli acha kidogo bakulini la sivyo litajazwa. Lakini usiache kingi, kwa sababu tangu 2013 huko wana kampeni kubwa ya kusafisha sahani, na vijana wanaichukulia kwa uzito. Chai, mimina ya wenzako kabla ya yako. Kama ni watu wa Guangdong na mtu amekumiminia, gonga meza kwa vidole viwili taratibu: umeshukuru bila kukatiza mazungumzo. Mpeleke na matunda, machungwa yanapendwa.

Nipo Muscat na familia, tuna jirani Mchina. Tunataka kuwaalika Mwaka Mpya wao. Tarehe inahamahama kama yetu? Na tupike nini watoto washiriki?
*Mama Nasra, Muscat*

Inahama lakini ina mipaka. Miezi yao hufuata mwezi wa angani, kama ya Hijria, ila wao huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19. Ndiyo maana yetu inazunguka majira yote, na yao hubaki kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 ilikuwa 17 Februari, na Ramadhani ikaingia siku moja mbili baadaye. Mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari, na mlo mkubwa wa familia ni usiku wa kuamkia, yaani Ijumaa tarehe 5. Muulize jirani kwanza kama wana safari. Usiku huo watu wako tayari kusimama kwenye treni nchi nzima ili wafike kwa wazazi.

Watoto washiriki kwenye jiaozi, vile vimfuko vya unga vyenye nyama ndani, ikiwa jirani ni wa kaskazini. (Mama mwenye nyumba wangu wa Guangzhou hakuwahi kuzikunja siku hiyo, kwake ilikuwa kuku mzima wa kuchemshwa na samaki.) Unga wa ngano nusu kilo, maji baridi mililita 260, kanda mpaka ulainike, funika nusu saa. Nyama ya kusaga ya ng'ombe gramu 400, itie maji kijiko baada ya kijiko ukikoroga upande mmoja tu mpaka inate. Tangawizi, vitunguu majani, sosi ya soya, mafuta ya ufuta. Kabichi ikate ndogo sana, itie chumvi, ngoja dakika kumi na uikamue kwa nguvu zako zote kabla ya kuchanganya, vinginevyo zitapasuka. Sukuma viduara vya upana wa kiganja cha mtoto, vyembamba pembeni kuliko katikati. Jaza kijiko cha chai, kunja, bana.

Maji yanayochemka, zikoroge zisishike chini. Yakirudi kuchemka tia kikombe cha maji baridi. Fanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu zikielea zimevimba, toa. Zinaliwa na siki na kitunguu saumu. Familia nyingi huficha sarafu iliyooshwa vizuri ndani ya moja, na atakayeipata mwaka wake ni mwema. Kwa watoto wadogo iache sarafu, sitaki kesi.

Ajinomoto tutie au tusitie?
*Bila jina, Dodoma*

Huyo aliyeigundua ni Mjapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, kwa kuchemsha mwani. Majiko mengi ya China yanayo, jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu ilikuwepo, na ilikuwa inaingia kwenye majani peke yake. Kwenye supu iliyochemka saa mbili haina kazi. Ukitia, iwe chembe za kushika kwa vidole viwili, na upunguze chumvi.